Mzee Anagombaniwa

Tangu saa nne asubuhi watoto watatu wa Fundi Saa walikuwa wamekaa sebuleni kwa baba yao, na hadi saa sita hakuna aliyekuwa ameingia chumba cha nyuma. Walichungulia tu mlangoni, wakasema, "Shikamoo baba, tupo," wakarudi kwenye viti.

Mkubwa wao mtaa mzima ulimwita Mkandarasi, na hakuwa na jina jingine lililobaki likitumika. Alikuwa amekalia kochi la baba. Anayemfuata, Mama Duka, alikaa dirishani funguo za duka zikiwa mapajani, maana Jumapili ndiyo siku ya wateja na kila dakika aliyokaa pale ilimwuma. Kitinda mimba alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Huyu waliyemwita Nesi hakuwa nesi. Alikuwa mhudumu wa wodi, mtu wa kubadilisha mashuka na kuogesha wagonjwa. Dada yake ndiye aliyempa jina hilo kwa kumcheka, na kicheko kikikaa sana mahali pamoja huota mizizi.

Ilikuwa siku ya tatu tangu arudi. Miezi mitano alikuwa nchi ya mbali na watu wa kanisa lake, wakihudumia walioharibiwa na mafuriko.

"Hebu nieleweshe," Mama Duka alisema. "Miezi mitano, hawakukupa chochote?"

"Walitupa chakula, dada, na mahali pa kulala."

"Hata mfungwa hupewa chakula na mahali pa kulala."

Mkandarasi alicheka kwa pua. Nesi naye alitabasamu, kwa kuwa maneno yalikuwa na chumvi. Juzi, siku ya kufika, dada yake alilifungua begi lake hata kabla hajavua viatu. Alitoa nguo, akatoa kitabu cha sala, akatoa vipande viwili vya sabuni. Akaingiza mkono hadi kwenye mfuko wa ndani, akautoa mtupu, akamwangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyetumwa sokoni akarudi na kikapu kitupu.

"Tuache hayo," alisema Mkandarasi. Alitoa karatasi kwenye bahasha na kuilaza mezani. "Nafasi imepatikana kule kwenye nyumba ya wazee. Kesho saa tatu wanakuja na gari kumchukua. Hapa tutapangisha, kodi ndiyo italipia matunzo yake. Mimi nimeweka sahihi, dada yako ameweka. Wanataka watoto wote. Tulikuwa tunasubiri mkono wako tu."

Akamsogezea kalamu.

Nesi aliiangalia ile karatasi. Aliijua. Mwaka uliopita, kiharusi kilipompiga baba yao na kuufisha upande wake wa kulia, ni yeye aliyeileta habari ya nyumba ya wazee. Alikuwa amesimama palepale dirishani akisema kwamba pana mahali pasafi, pana wauguzi, na kwamba wao wote watatu wana kazi. Kaka na dada yake walimshukuru siku hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza kumshukuru kwa jambo lolote. Akaondoka kwenda ng'ambo na moyo mwepesi.

"Siweki," alisema.

"Huweki nini?"

"Sahihi, kaka. Msimpeleke. Mnipe mimi baba."

Mama Duka aliacha kuchezea funguo.

"Si wewe uliyesema?" aliuliza Mkandarasi. "Kwa mdomo wako?"

"Ni mimi. Nilisema vibaya."

"Na nini kimekubadilisha? Mafuriko ya watu?"

Alijaribu kuwaeleza. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na kila alipofika katikati dada yake alimkatisha. Lakini jambo lenyewe lilikuwa hivi.

Kule walikokwenda, hospitali ilikuwa imebebwa na maji, kwa hiyo wagonjwa walilazwa shuleni. Ubao wa darasa alilopewa Nesi ulikuwa bado na hesabu za kugawanya ambazo hakuna mtoto aliyezimaliza. Chini ya ubao huo alilala bibi mmoja aliyevunjika nyonga, mdogo kama mtoto wa miaka kumi, asiye na jino hata moja. Nesi alimwogesha kila siku kwa wiki sita. Hawakuelewana hata neno moja, wakapendana.

Siku ya bibi kuruhusiwa watoto wake wanne walikuja kumchukua. Hawakufika kitandani kabla hawajaanza kurushiana maneno. Mmoja alinyoosha kidole mlangoni, mwingine akatikisa kichwa. Mkubwa wao, mwanamume mwenye shati lililochanika begani, alishika chuma cha kitanda upande huu, na mdogo wake akashika upande ule, kitanda kikawa kinalia kwenye sakafu. Binti yao naye alipiga kelele kuwashinda wote.

Nesi hakuijua lugha yao na hakuona haja ya kuijua. Miaka kumi na minane wodini alikuwa amewaona watoto wakisukumiana mzazi siku ya kuruhusiwa: huyu ana safari, yule ana wageni, mwingine simu yake haipatikani. Alizijua zile sura. Hasira ikampanda, ya mtu anayeona uchafu asioweza kuufuta kwa tambara. Akaweka beseni chini na kusimama katikati yao.

"Hamna haya?" aliwaambia kwa Kiswahili. "Mama yenu ni mzigo wa kutupiana? Aliwabeba tumboni, leo hamna pa kumweka?" Akamgeukia mpishi wa kituo, mama wa makamo aliyejua Kiswahili kidogo cha kibiashara. "Waambie hivyo hivyo, usipunguze."

Mpishi alifuta mikono kwenye nguo yake, akamwangalia kwa huruma.

"Nikiwaambia hivyo utaaibika wewe, mama," alisema. "Hawamtupi. Wanamgombania."

Nesi hakuelewa, ikabidi aelezwe kama mtoto. Yule mkubwa maji yalimchukulia nyumba, ghala na ng'ombe wote. Alikuwa anaishi na mkewe na watoto chini ya turubai. Mdogo wake aliishi mlimani. Nyumba yake ilisimama na ng'ombe wake wawili walikuwa hai. Mdogo alisema mama anahitaji paa. Na mkubwa alikuwa anamjibu: "Wewe una paa, una ng'ombe, na mama unamtaka pia? Ukimchukua na huyu, mimi nimebaki na nini? Hapo ndipo nitakuwa maskini kweli." Mdogo alimpa ng'ombe mmoja, tena mwenye mimba, ili amwachie mama. Mkubwa akampa mgongo kama mtu aliyetukanwa.

Na bibi mwenyewe alilala katikati, macho yakienda huku na huku, uso umetulia kama wa mtoto anayeimbiwa.

Siku hiyo hawakumaliza. Kengele ya wageni ilipolia waliondoka, na kesho yake asubuhi walirudi wakaanzia palepale walipoachia. Siku ya tatu ndipo walipopatana: mkubwa atahamia mlimani kwa mdogo wake, na turubai lake na watoto wake, ili mama alale chini ya paa la mdogo lakini ahesabiwe ni wa mkubwa. Wakambeba wote wanne kwa zamu, wakibishana njiani ni nani ambaye zamu yake imezidi.

Nesi alikwenda nyuma ya jiko, akapiga magoti kwenye matope. Alikuwa amevuka mipaka miwili kwenda kuwasaidia maskini, na kwa muda mrefu pale chini sala yake ilikuwa moja tu: Bwana, kumbe nimeletwa huku kuonyeshwa.

"Hadithi nzuri," alisema Mama Duka. "Watu wasio na televisheni hupata muda wa kugombania mama."

"Dada."

"Nimekosea? Mimi nina duka, nina watoto watano, nina mume anayetaka chai kila saa. Huyo wa turubai alikuwa na shughuli gani?"

Mkandarasi hakucheka safari hii. Alikuwa amekunja uso, akimtazama mdogo wake jinsi anavyotazama ukuta wenye ufa. "Unaishi vyumba viwili vya kupanga," alisema polepole. "Mshahara wako tunaujua. Baba utamweka wapi?"

"Ndani. Nitalala chini."

"Kwa nini lakini? Mtu hajitwishi gunia bila kujua kilichomo."

Mama Duka alinyanyua kichwa. Wakaangaliana, kaka na dada. Nesi aliona wazo likitoka kwenye jicho la mmoja na kuingia kwenye jicho la mwingine.

"Ni ile barabara," alisema Mama Duka. "Fidia. Amesikia."

"Barabara gani?"

"Usijifanye mgeni. Wapimaji wamepita mtaa huu. Anayemweka mzee ndiye atakayemshika mkono siku ya kutia dole gumba. Kumbe ng'ombe wenye mimba hawako ng'ambo tu."

"Sijui habari za barabara, dada. Haki ya Mungu."

"Basi andika. Andika kwamba kiwanja hiki hukitaki, wala fidia yake, wala tofali lake moja."

Alisema hivyo kumkomoa. Lakini Nesi aliichukua ile kalamu, akaigeuza karatasi ya nyumba ya wazee, na nyuma yake akaandika kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyeacha shule mapema, kwamba hadai kiwanja, wala fidia, wala tofali. Akaweka sahihi. Hakuwa na kitu kingine duniani cha kurithi.

Ungedhani hapo mambo yameisha. Mkandarasi aliisoma mara mbili, akaikunja, na uso wake ukazidi kuwa mgumu.

"Mtu haandiki hivi bure," alisema. "Lazima pana kikubwa zaidi ya kiwanja."

"Pesa zake za saa," alisema Mama Duka. "Miaka arobaini anatengeneza saa za matajiri, na hakuna aliyewahi kuziona hizo pesa. Ameambiwa zilipo."

"Baba atakuja kwangu," alisema Mkandarasi.

"Kwako wapi? Mkeo hata mama yake mzazi amemshinda. Baba anakuja kwangu. Mimi ni binti, ninajua kumhudumia."

"Binti tangu lini? Mwaka mzima umekuja mara ngapi?"

"Mara nyingi kuliko wewe. Tena sikuja nikabaki kwenye gari napiga honi."

"Mimi ndiye mkubwa. Baba ni wangu."

"Wako peke yako? Alikuzaa wewe ukatuzaa sisi?"

Sauti zilipanda. Nesi alikaa kwenye kigoda chake akiwasikiliza, na nywele zikamsimama mikononi. Maneno yalikuwa yaleyale. Ungemleta yule mpishi asiyejua vizuri Kiswahili akasimama mlangoni, angesema: hata hawa wanamgombania. Kisha alikumbuka kwamba ukuta unaotenga sebule na chumba cha nyuma ulikuwa wa mbao nyembamba, na akainuka.

Baba yao alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono wa kushoto umeshika nguzo. Msichana wa kazi huenda kwao Jumapili. Suruali ya mzee ilikuwa imelowa, na haikulowa sasa hivi. Pembeni ilishaanza kukauka.

"Mbona hukuita, baba?"

"Mlikuwa na kikao." Maneno yalitoka upande mmoja wa mdomo, taratibu lakini mazima.

Alichemsha maji, akayapoza kwa kiwiko, akafunga mlango. Alimvua kama anavyowavua wagonjwa wake, kuanzia upande mzima ili ule uliokufa usivutwe. Miezi mitano alikuwa amefanya hivi kwa watu asiowajua, akiamini kila kitambaa anachokamua ni sadaka. Mgongo wa baba yake hakuwahi kuuona. Ulikuwa na doa jekundu pale kitanda kinapougusa, dogo bado, la kuweza kupona.

"Baba, kuna jambo nataka kukuambia. Ile habari ya nyumba ya wazee..."

"Ulisema wewe. Umesimama dirishani."

Kitambaa kilisimama mkononi mwake. "Ulisikia?"

"Mimi nilikuwa nasikia saa ikikosea sekunde mbili, mwanangu. Nitashindwa kukusikia wewe?"

"Na hukuniambia kitu. Ulinibariki siku naondoka."

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unakwenda kwenye kazi ya Mungu." Hakukuwa na kejeli katika sauti yake, na ndilo lililomuumiza zaidi. Baadaye kidogo akasema, "Hapo begani, sugua tena. Panawasha tangu Alhamisi."

Alisugua. Machozi yalimdondoka kwenye beseni na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Alimvalisha kuanzia upande uliokufa, shati jeupe, suruali kavu. Upande wa pili wa mbao Mama Duka alikuwa anasema kwamba yeye ndiye aliyemuuguza mama mpaka mwisho, na Mkandarasi anamuuliza jeneza lilinunuliwa na nani.

"Wanagombana vizuri," alisema baba. "Mwaka mzima nilikuwa nasikia wakinisukuma. Leo wananivuta. Nipeleke nikaone."

"Wanagombana kwa ajili ya..."

"Najua kwa ajili ya nini. Nipeleke."

Nesi alimshika kiunoni wakatoka hatua kwa hatua, mguu mmoja ukitembea na mwingine ukiburutwa. Kelele zilikatika mara moja, kama redio iliyochomolewa. Mkandarasi aliinuka kwenye kochi lisilo lake. Mzee akaketi.

"Endeleeni," alisema.

Akamgeukia Mkandarasi.

"Mkubwa, ulikuwa unasema mimi ni wako. Sema, nimekuja kusikia."

"Baba, tulikuwa tunazungumza tu."

"Wapimaji walikuja hapa mwezi uliopita. Nilikuwa nimekaa barazani. Barabara inapita nyuma ya kanisa, haifiki huku. Na pesa za saa ndizo zilizowasomesha wawili, wa tatu zikamkatikia njiani. Huyu." Alimnyooshea Nesi kidevu. "Hazijalala popote. Sasa mnajua. Anayenitaka aendelee kunitaka."

Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni wenye gurudumu bovu. Walilisikiliza lile gurudumu mpaka likapotea.

"Kwako nitalala wapi?" alimuuliza Mkandarasi.

"Chumba cha wageni, baba. Ila kiko juu. Kuna ngazi." Alisugua shingo. "Chini ni sebule, na gereji."

"Na kwako?"

"Stoo ina nafasi," alijibu Mama Duka haraka. "Tukitoa magunia ya..." Alijisikia akisema. Akaziangalia funguo zake kana kwamba mtu mwingine amezisahau pale.

Nesi hakuulizwa. Alikuwa amekwisha kutandaza kanga sakafuni na kuanza kufunga nguo za mzee, dawa zake, na beseni.

"Mimi nitaleta unga kila mwezi," alisema Mama Duka kwa sauti ndogo. "Na sabuni." Akaongeza, "Ya dukani si mbaya."

"Lete," alisema baba. "Na wewe mwenyewe uje nao. Tuondoke sasa, kabla hamjarudiwa na akili zenu."

Mkandarasi ndiye aliyekuwa na gari. Lilikuwa nje ya geti, na kutoka barazani palikuwa na vidato vitatu na uwanja wa mchanga. Nesi alijaribu kumteremsha mzee kidato cha kwanza, mguu uliokufa ukajikunja, wote wawili wakayumba. Mama Duka alimshika upande wa pili, naye akashika vibaya. Mzee alitoa sauti ndogo ya maumivu, akaimeza.

Mkandarasi alikuwa amesimama uwanjani na funguo za gari. Tangu kiharusi hakuwahi kumgusa baba yake. Alileta dawa, alilipa msichana wa kazi, alipiga simu. Aliziweka funguo mfukoni. Akaja, akawapa mgongo, akachuchumaa chini ya kidato, shati lake la Jumapili likigusa mchanga.

"Panda, baba."

Walimsaidia mzee kuulaza mwili kwenye ule mgongo mpana. Mkono wa kushoto ulimzunguka mwanawe shingoni. Mkandarasi alibeba mifuko ya saruji tangu ujana wake, na alikaza magoti kama mtu anayepokea mfuko. Akainuka kwa nguvu zote, na nusura aanguke mbele, kwa kuwa hapakuwa na uzito wa kushindana nao.

Alisimama pale na kinywa wazi.

"Baba," alisema. "Ndivyo ulivyobaki?"

"Ndivyo."

Nesi alikimbia mbele akafungua mlango wa gari, akatandika shuka kwenye kiti. Kaka yake alikuja mpaka getini, hatua zake fupi, za uangalifu, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. Alifika kwenye mlango ulio wazi na hakuinama.

"Hapa, kaka. Mgeuze taratibu, mimi nitashika miguu."

Mkandarasi aliuangalia mlango, akamwangalia mdogo wake. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, naye hakuwa na mkono wa kuyafuta. Kichwa cheupe cha baba yao kilikuwa kimelala begani kwake, jicho moja limefumba, na upande ule wa mdomo uliokuwa hai ulikuwa unacheka kidogo.

Nesi alinyoosha mikono ampokee.

"Bado," alisema Mkandarasi, akampita, akaendelea kutembea na baba yake kuelekea mwisho wa mtaa.